Mzamiaji na Maji ya Kijani

Baba yangu mdogo alikuwa mzamiaji wa idara ya maji. Watu wakisikia mzamiaji huwaza lulu na meli zilizozama, lakini kazi yake yeye ilikuwa kusugua wavu. Pale bomba kubwa la mji linapovuta maji ziwani, chini kabisa, kuna wavu mzito wa chuma unaozuia takataka zisiingie kwenye pampu. Wavu ukiziba, mabomba ya mji mzima yanakohoa, kisha yananyamaza. Kwa hiyo lazima mtu ashuke, brashi ya chuma mkononi na mpira wa hewa mdomoni, ausugue mpaka maji yapite tena. Mtu huyo alikuwa yeye, na mji mzima, kuanzia mhandisi wa pampu mpaka wauza vocha wa stendi, ulimwita Bata.

Hakuwa mtu wa maneno. Mkewe, mama yangu mdogo, alizungumza kwa niaba ya wote wawili na bado akabakiwa na akiba. Yeye alikuwa fundi wa turubai. Alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, bati juu na saruji chini, cherehani yenye sindano nene kama msumari, na marobota ya nailoni na turubai yaliyopangwa mpaka darini. Alishona vifuniko vya malori, mahema ya shughuli, na mapazia ya vibanda. Mimi nilikulia kati ya marobota yale, na hata leo nikinusa plastiki iliyopata moto nakumbuka sauti yake akimsimulia mumewe habari za mtaa huku mumewe akiitikia kwa nyusi.

Bata alipoanza kazi, akiwa kijana, maji yale yalikuwa meupe. Akisimama kwenye wavu na kutazama juu aliona tumbo la boti, na ukingoni mwa boti kiwiko cha mwenzake aliyesimamia pampu ya hewa. Kisha miaka ikapita, na kijani kikaingia taratibu kama mgeni asiyetaka kusumbua. Mji ulikuwa unakua. Nyumba zilipanda vilimani, mashamba yakateremka mpaka ukingoni mwa mto, mitaro ya kufulia na mashimo ya vyoo yakaongezeka, na kila mvua iliponyesha vyote viliteremka kuelekea bondeni, na bondeni ni ziwani. Hakuna aliyeona ajabu. Bata naye aliona kitu kimoja tu: wavu ulikuwa unaziba upesi kuliko zamani, na brashi ilirudi na nyuzi laini za utelezi, za rangi ya majani mabichi.

Halafu ukaja msimu mmoja wa joto ambao upepo uligoma kabisa. Ziwa lililala bila hata mkunjo, na juu yake likajitandaza tabaka zito kama rangi iliyomwagika. Bata aliposhuka siku hiyo, mkono wake ulipotea kabla haujanyooka. Alipolipita tabaka lile hakukuta maji safi, alikuta giza. Mwanga wote uliliwa juu. Akafanya kazi kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya gunia. Alipofika nyumbani, kijani kimemganda kwenye nyusi na masikioni, mama mdogo alimtazama toka unyayo hadi utosini.

"Ametoka bata," akasema, "amerudi kasuku."

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Wiki ileile samaki walianza kuelea matumbo juu, mpaka harufu ikafunga madirisha ya mitaa yote ya chini. Maji ya bomba yakawa na ladha ya kuvu. Watoto waliooga ziwani walitoka vipele. Idara ikafunga matangi, na mji wenye ziwa zima mbele ya macho ukawa unasubiri maji ya kuletwa na malori. Kila mtu alikuwa na mchawi wake. Wengine walisema ni kiwanda cha rangi, ingawa kiwanda hicho kilishafungwa zamani. Mhandisi wa pampu, mtu muungwana mwenye sauti ndogo, alisema ni joto tu, mvua zikija litaisha. Mvua zikaja, kijani kikazidi.

Ndipo akaja Daktari. Alikuwa mtafiti wa maziwa, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira zilizomfika magotini, na siku zake za kwanza alipata tabu kwa sababu ya cheo chake, maana watu walimletea watoto wenye homa, naye akawa anaeleza kwa upole kwamba mgonjwa wake ni mmoja tu na haingii kitandani. Alimsikiliza mhandisi mpaka mwisho, kisha akamwomba waende wote kwa boti hadi ghuba iliyo nyuma ya mwamba, mbali na mdomo wa mto. Bata ndiye aliyewapeleka. Kule maji yalikuwa bado meupe. Jua lilikuwa lilelile na joto lilelile. Mhandisi alitazama, akakuna kidevu, akasema labda ghuba ile ina kina zaidi, au ina baridi ya chini asiyoijua. Daktari hakubishana. Alisema inaweza kuwa hivyo, na kwamba njia ya kujua ni kuliuliza ziwa lenyewe.

Ili kuliuliza, alihitaji mtu wa kuunga mifuko mikubwa isiyovuja, na mtu wa kwenda kuining'iniza majini. Bata alijibu kwa maneno mengi kuliko kawaida yake. Alisema, "Twende nyumbani."

Mama mdogo alimpokea Daktari akiwa amepiga magoti juu ya kifuniko cha lori. Daktari akamweleza: mifuko minne ya nailoni angavu, wazi juu, imefungwa chini, mirefu kama nyumba, kila mmoja uweze kumeza maji ya kujaza karakana ile yote.

"Ya kuhifadhia nini?" mama mdogo akauliza.

"Ya kuhifadhia ziwa."

Mama mdogo alimtazama mumewe kuona kama ni utani. Mumewe aliinua nyusi, maana yake si utani. Basi akakubali, kwanza shingo upande, kisha kwa shauku, kwa sababu kazi ngumu ilikuwa ndiyo ulevi wake. Nailoni ya namna ile huwezi kuishona, kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Aliiunga kwa pasi. Alilaza ncha juu ya ncha, akaweka karatasi katikati ya pasi na nailoni ili isishike, akapitisha moto polepole huku akihesabu pumzi zake, na kila mshono aliupuliza hewa na kuuweka sikioni asikie kama unanong'ona. Uliokuwa unanong'ona aliufungua, akaanza upya.

Bata alitengeneza fremu ya mabomba na madumu matupu ya kuelea. Wakaikokota hadi ghubani, akashuka chini na kuifungia mifuko uzito wa mawe, ikasimama ndani ya maji kama nguzo nne za kioo. Daktari akaijaza maji ya palepale. Kisha akatoa unga mweupe wa namna mbili. Mfuko wa kwanza hakuutia kitu. Wa pili alitia naitrojeni, vijiko kadhaa. Wa tatu alitia fosforasi, kijiko kimoja cha chai. Wa nne alitia vyote viwili. Akakoroga kila mmoja kwa kasia lake, akafuta mikono, akasema sasa kazi iliyobaki ni ya jua.

Bata aliniambia baadaye kwamba alimwonea huruma. Mtu msomi, ametoka mbali, amekusanya nailoni yote ile na mawe yote yale, halafu anatia kijiko kimoja cha unga ndani ya maji ya kujaza nyumba. Alikuwa ameona vijiko vingapi vya chumvi vikipotea ndani ya supu ndogo kuliko ile?

Siku za mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha asubuhi moja alishuka kukaza kamba, akageuka kuitazama mifuko kutoka chini.

Miwili ilikuwa kama aliyoiacha, nguzo za mwanga zilizosimama kwenye mwanga, huwezi kujua ukuta unaanzia wapi. Ule wenye naitrojeni peke yake haukutofautiana na ule usiotiwa kitu. Wa tatu ulikuwa umekuwa kijani, kijani cha jani changa, na jua lilipita ndani yake likatoka limebadilika rangi. Wa nne haukupitisha jua hata kidogo. Ulisimama pale mzito kama shina la mti, umejaa kitu ambacho juzi hakikuwepo. Na kati ya mfuko na mfuko hapakuwa na tofauti nyingine yoyote, si maji, si jua, si nailoni, maana mishono yote aliipiga pasi mkewe.

Alikaa palepale mpaka mwenzake juu ya boti akautikisa mpira wa hewa kwa hofu. Alipopanda alivua miwani, akaishika mikononi.

"Kijiko kimoja," akasema. Akatazama maji, akasema tena, "Kijiko kimoja."

Nyumbani jioni ile alichukua kijiko cha sukari akawa anakigeuzageuza mezani. Mama mdogo akamuuliza kijiko kimemkosea nini. Ndipo akamweleza, na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, mume alisema na mke akasikiliza.

Daktari alikuwa amepewa chumba kwenye jengo la pampu, chenye meza moja, dirisha la kutazama ziwa, na hadubini. Alituita. Alitia tone moja kutoka mfuko wa nne juu ya kioo chembamba, akamwambia mama mdogo atangulie. Mama mdogo aliinama, akafumba jicho moja kama anayetunga sindano. Tone lile lilikuwa limejaa nyuzi za shanga za kijani, punje kwa punje, zimepangana sawasawa, nyingine zimejikunja kama herufi.

"Nani amezitunga hizi?" akauliza bila kuinua kichwa.

Daktari akasema hakuna. Kila punje ni kiumbe hai. Ikishiba inajigawa mbili, mbili zinakuwa nne, na chakula kikiwepo hazina sababu ya kuacha. Jua wanalo. Maji wanayo. Naitrojeni wengine wao wanajichukulia wenyewe hewani, ndiyo maana kuwanyima haiwashughulishi sana. Kilichokuwa kinawazuia ziwani humu, miaka yote ambayo Bata aliona tumbo la boti, ni uhaba wa fosforasi, kwa kuwa fosforasi haiji na hewa. Inatoka kwenye mwamba, inasagika polepole sana, inaingia kwenye udongo, kwenye jani, kwenye mnyama anayekula jani.

"Imo kwenye mifupa yako," akamwambia mama mdogo. "Imo kwenye maziwa uliyonyonyeshwa, kwenye mbolea, kwenye sabuni nyingi. Haiozi, haiungui ikaisha. Ikitoka kwako inakwenda kwingine."

Hakuna aliyeuliza inakwenda wapi. Bata alikuwa ameshageuka dirishani. Mimi nilitazama mikono yangu, nikawaza kwamba ndani yake kuna jiwe lililosagika kabla ya kuwepo mtu yeyote, na kwamba limekopeshwa tu, litaendelea na safari yake. Sikuwahi kujiona mkubwa na mdogo kwa pamoja namna ile.

Mhandisi alipelekwa ghubani kesho yake. Alitazama mfuko mmoja baada ya mwingine, akazunguka fremu, akaomba azunguke tena. Kisha akasema alikosea, kwa sauti yake ileile ndogo, na tangu hapo hakuna aliyepigania jambo hili kama yeye. Ndiye aliyetoa boti za idara kupeleka watu. Walikwenda wafuaji, wenye nyumba, madiwani na wakulima wa kando ya mto. Nilikuwa kwenye boti mojawapo. Watu walipanda wakipiga soga, na boti ilipofika kwenye mfuko wa nne wote wakainamia ukingo wa upande mmoja. Mkulima mmoja mzee kidogo, aliyeshika kofia mapajani, aliuliza kama ina maana mbolea yake ndiyo ilifanya haya. Daktari akamjibu kwamba mbolea haijui kama iko shambani au ziwani. Inalisha inachokikuta.

Haikuwa kazi ya mara moja. Maji taka ya mji yaliwekewa bomba la kuyapeleka kwenye mabwawa yenye matete ambamo uchafu hutulia, badala ya kumwagwa mtoni. Wakulima waliacha ukanda wa nyasi ukingoni, wakaacha kutia mbolea wanapoona wingu la mvua. Mama mdogo alisimama kwenye mitaro ya kufulia akahutubia kama mgombea, na nadhani wengine walibadilisha sabuni ili tu anyamaze.

Na ziwa halikubadilika. Msimu wa joto ukarudi, kijani kikarudi nao. Mwingine ukaja, hali ikawa ileile. Watu wakaanza kusema wamedanganywa, wamechimba mitaro bure. Lililomuuma Bata ni kwamba walimwambia yeye, maana Daktari alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye maziwa mengine. Akampigia simu. Akasimama uani na simu sikioni kwa muda mrefu, akiitikia kwa nyusi kana kwamba mtu wa upande wa pili anaziona. Aliporudi ndani alisema kitu kimoja, kwamba jibu liko kwenye tope.

Siku iliyofuata baada ya kusugua wavu hakupanda. Alifuata mteremko mpaka sakafu ya ziwa, akachomeka mkono kwenye tope. Uliingia hadi kiwikoni bila kukuta ugumu. Lilikuwa jeusi, laini kama unga uliopepetwa, na baridi. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mwani, yaani zile shanga za kijani, unapokufa unazama, na unazama na fosforasi yake. Joto likizidi na maji yakitulia, hewa ya kule chini inakwisha, na tope linaachia kile lilichoshika. Kwa hiyo hata mlango ukifungwa, ziwa linaendelea kula akiba yake. Bata alikaa na mkono wake mle ndani akiwaza kwamba mji mzima uko pale. Mapovu yote ya nguo zote, mashamba yote, sahani zote zilizooshwa tangu alipokuwa kijana. Watu walisahau, lile tope likakumbuka.

Alimuuliza Daktari litachukua muda gani, na alichojibiwa alituambia neno kwa neno: "Litachoka lenyewe. Lini, siwezi kukuahidi."

Kwa namna fulani jibu hilo lilimtuliza. Alianza kulizungumzia ziwa kwa heshima, kama mtu anavyomzungumzia mkwe mgumu. Watu walipomlalamikia aliwaambia limebeba mzigo wetu muda mrefu, halitautua kwa siku moja. Nywele zake zikaingia mvi. Mashimo ya vyoo yaliyobaki yakaunganishwa na bomba. Kisha, bila mtu kutangaza, wavu ukaanza kukaa muda mrefu bila kuziba, na mhandisi akawa anamtania kwamba amejimwagia unga mwenyewe, ziwa likipona atasugua nini.

Asubuhi yenyewe ilipofika, hakuna aliyeitazamia. Upepo wa baridi ulikuwa umevuma siku kadhaa, ukatulia. Bata aliketi ukingoni mwa boti, akaweka miwani usoni, akachungulia kama kawaida kabla ya kuruka. Akauona wavu. Kutoka juu, toka pale alipoketi, akauona wavu wote pamoja na kutu yake na brashi aliyoisahau wiki iliyopita.

Alishuka lakini hakuugusa. Upande wa pili wa mteremko, mahali alipochomeka mkono, kulikuwa na kitu cha kijani, na kwanza alidhani mwani umerudi. Alipokaribia akakuta si mwani. Ilikuwa mimea, majani marefu membamba, mamia kwa mamia, yamesimama wima kutoka kwenye tope na kuyumba pamoja. Samaki wadogo kama kucha walipita katikati yake. Hata ujana wake hakuwahi kuyaona kwa wingi ule. Daktari alimweleza baadaye kwamba inaelekea mbegu zilikuwa mle topeni muda wote, gizani, zinasubiri mwanga uzifikie.

Aliporudi nyumbani ilikuwa bado asubuhi. Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani, nami nilikuwa nimekuja kumsalimia. Akauliza kuna nini, nani amekufa. Bata akachomoa waya wa cherehani ukutani, jambo ambalo kama angelifanya mtu mwingine, tungekwenda kumjulia hali hospitalini.

"Njoo uone," akasema. "Wewe pia, mwanangu."

Boti ilipofika pale, alimvalisha mkewe miwani yake ya kuzamia, akaikaza nyuma ya kitambaa chake cha kichwa. Akamwambia asiogope, alale kifudifudi ukingoni na kuingiza uso tu majini, sisi tutamshika. Yeye alimshika miguu, mimi nikashika mkanda wa gauni lake. Mama mdogo alilalamika kuhusu mgongo, kuhusu gauni, kuhusu wanaume wasioeleza mambo mapema. Kisha akaingiza uso.

Tulimngojea ainuke aseme. Akainuka mara moja kuvuta pumzi, maji yakimchuruzika kidevuni, akatutazama kama asiyetujua, akarudi chini. Akainuka tena, akarudi. Mikono yangu ilianza kuuma, nikamuuliza kama tumvute. Alitoa mkono mmoja nyuma, akapunga vidole, niendelee kumshika.